Kabla Hujanunua Skana ya Slaidi za Mzee

"Jirani yangu amenunua skana ya megapikseli 22 pale Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei ya chini kuliko mliyonitoza. Yenu inanipa megapikseli 7. Mmenila pesa?"

Aliyesema hivyo ni mzee wetu wa Lang'ata aliyetuletea tumskania slaidi za miaka ya sitini, zile picha ndogo za filamu zilizokuwa zikimulikwa ukutani kwa projekta, za masomo yake Uingereza na za harusi yake. Alichomeka flashi kwenye runinga mpya ya inchi 55, akaona pande mbili nyeusi kushoto na kulia, akaamini tumemkatia picha na kumpunguzia ubora. Tulikaa naye, tukamwonyesha slaidi na picha kwa pamoja, akaridhika. Lakini malalamiko haya tunayapokea mara kwa mara, na wengi wanaonung'unika hawarudi dukani kusikia maelezo. Ndiyo maana tunayaandika.

Tuanze na zile pande nyeusi. Slaidi ya kawaida ina picha ya milimita 36 kwa 24, yaani upana ni mara moja na nusu ya kimo. Runinga za siku hizi ni pana zaidi, 16 kwa 9. Picha nzima ya slaidi haiwezi kujaza kioo hicho, labda uikate. Wapo wanaokata ili mteja afurahi kuona kioo kimejaa. Katika milimita 24 za kimo wanabakisha 20 na robo, na karibu moja ya sita ya picha imekwenda. Kwenye picha ya familia iliyojipanga mbele ya nyumba, utachagua kati ya vichwa na miguu. Slaidi iliyopigwa wima ndiyo huumia kabisa, kwa sababu hubaki theluthi yake na kidogo tu. Sisi hatukati. Ukiona pande nyeusi, ujue kila alichokiona mpiga picha kimo ndani.

Sasa hizo megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, vile vitone vinavyounda picha. Runinga ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080, ambazo ni kama megapikseli 2. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, megapikseli 8 na kidogo. Kimo cha slaidi kinakaribia inchi moja, kwa hiyo ukiiskani kwa nukta 2,300 hivi kwa kila inchi umeshajaza kimo cha 4K. Sisi huskani kazi za runinga kwa 2,400, na hapo picha hutoka na pikseli 3,400 kwa 2,267. Hizo ndizo megapikseli 7 na ushei alizolalamikia mzee. Runinga yake haina mahali pa kuweka zaidi ya hapo.

Na zile 22 za jirani? Soma maandishi madogo ubavuni mwa boksi. Nyingi ya skana hizo ndogo si skana, ni kamera ya megapikseli 13 au 14, nyingine 5, iliyofungwa ndani ya kiboksi chenye taa. Programu yake ndiyo inayovuta picha hadi 22. Ni maziwa yaliyoongezwa maji: chupa imejaa, lakini ng'ombe ni yule yule.

Hata hivyo, pikseli si ugomvi wetu mkubwa na viboksi hivyo. Kwa runinga ya Full HD hata megapikseli 5 zinatosha. Ugomvi wetu ni giza.

Slaidi si nega, ile filamu yenye rangi zilizogeuzwa. Sehemu zake za giza ni nzito kweli kweli, na ndani ya giza hilo mna maelezo ambayo projekta yenye taa kali iliweza kuyatoa ukutani. Kamera ya kiboksi hupima mwanga mara moja, ikachagua kati ya kuokoa mweupe na kuokoa mweusi. Sasa fikiria picha zetu za hapa nyumbani zilivyopigwa: saa sita mchana, jua la utosini, shati jeupe la Jumapili, kofia pana, na sura ya Mwafrika chini ya kivuli cha kofia. Hiyo ndiyo slaidi ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyojaa kwenye maboksi ya wateja wetu.

Mama mmoja wa South B alituletea slaidi za marehemu mumewe, aliyekuwa afisa wa kilimo upande wa Kericho. Alikuwa ameanza kuziskani mwenyewe kwa kiboksi. Kwenye picha yake, shati la mzee lilikuwa doa jeupe lisilo hata kifungo, na uso ulikuwa doa jeusi lenye meno. Mama alidhani slaidi ndizo zimeharibika. Tuliiweka slaidi ile ile kwenye mashine yetu ya kuskani filamu, tukaiacha ipite polepole. Macho yakatokea. Ikatokea mikunjo ya paji la uso, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na mshono wa mfuko wenyewe. Nyuma yake majani ya chai yaligawanyika, ya juu yaking'aa na ya chini yakiwa kijani kizito. Mama aliitazama kimya kwa muda, halafu akatuambia jambo ambalo hatujalisahau: zile alizokwisha kuskani nyumbani, trei mbili nzima, alikuwa amezichoma ili kupata nafasi kabatini. Tulijaribu kuzifanyia kazi picha zake za kiboksi. Haikuwezekana. Kisichonaswa na skana hakirudishwi na kompyuta.

Kwa hiyo hata ukiamua kujifanyia, tafadhali, slaidi zenyewe usizitupe.

Wengine hununua skana ya bapa, ile ya kulalia karatasi. Hapa kuna mtego ambao umekula pesa za watu wengi. Skana ya ofisi, au ile iliyo juu ya printa, humulika kutoka chini tu. Slaidi inataka mwanga upite katikati yake, kwa hiyo mfuniko lazima uwe na taa. Bila taa ya juu utapata mraba mweusi, hata mashine iwe ghali namna gani. Mwenye duka hatakueleza, kwa sababu ulimwomba skana na amekuuzia skana. Kati ya bapa zenye taa, Epson V600 ni mashine ya heshima kwa familia: hubeba slaidi 4 kwa mpigo na ina taa ya infraredi ya kutambua vumbi. Boksi lake linasema nukta 6,400. Walioipima mashine kwa vipimo vya kweli hupata kama 1,600 tu. Hizo zinatosha Full HD, na kwenye 4K utaona picha imelegea kidogo ukikaa karibu. Kama una slaidi chache na muda wa kutosha, inunue bila wasiwasi. Tutakuonyesha hata jinsi ya kuitumia.

Mashine zilizotengenezwa kwa filamu pekee ni daraja jingine. Plustek 8200i huandikwa nukta 7,200, na ukipata zaidi kidogo ya nusu yake ya kweli umepata mali. Angalia vizuri jina lake, maana ndugu yake 8100 hana infraredi, na tofauti hiyo utaijua siku ya kufuta vumbi kwa mkono, nukta moja baada ya nyingine. Nikon Coolscan ndizo wapenzi wa filamu bado wanazozisaka, nukta 4,000 za kweli, lakini Nikon aliacha kuzitengeneza zamani, spea ni shida, na aliyeuziwa mbovu hana pa kulilia. Njia nyingine nzuri ni kamera ya kisasa yenye lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, juu ya taa nyeupe iliyo sawasawa. Ni ya haraka mno. Inataka tu mtu anayejua kusawazisha kamera na slaidi zikae sambamba, la sivyo kona moja itakuwa kali na nyingine ukungu.

Na hiyo infraredi nayo ina masharti. Kwa filamu za Ektachrome, Agfa na nyingine nyingi, hufuta vumbi na mikwaruzo vizuri ajabu. Kwa Kodachrome huchanganyikiwa, ikaona sehemu za picha kama uchafu, ikala kingo za nyuso na majengo. Kodachrome zilianza kuuzwa kwa slaidi mwaka 1936 na Kodak akaacha kuzitengeneza 2009, kwa hiyo zipo kila mahali. Jina huwa kwenye fremu. Kama fremu ilibadilishwa, inamisha slaidi kwenye mwanga wa dirisha, upande usiong'aa: ukiona picha imeinuka kidogo kama imechongwa, hiyo ni Kodachrome. Hizo tunazipuliza, tunazipiga brashi laini, tunazima infraredi, na madoa yaliyobaki tunayatoa kwa mkono kwenye kompyuta. Kazi hiyo haionekani kwenye risiti, lakini ndiyo inayokula saa.

Njia za mkato ambazo tumeziona zikiishia pabaya ni nyingi, na mbili zinatuuma zaidi. Ya kwanza ni kuwasha projekta ya zamani, kumulika ukutani na kupiga kwa simu. Picha hutoka katikati nyeupe na pembeni giza, rangi zimechukua rangi ya ukuta. Hilo si kubwa. Kubwa ni projekta iliyokaa stoo tangu enzi hizo, feni yake imekwama, na slaidi inaachwa mbele ya taa huku kijana akitafuta pembe nzuri. Tuliletewa moja iliyovimba katikati na kuchemka. Ilikuwa picha pekee ya nyanya wa mteja.

Ya pili ni kufuta. Slaidi zilizokaa Mombasa au Lamu huja na ukungu, nyuzi nyuzi kama buibui. Huo ukungu hula jelatini, ile ngozi iliyobeba picha, na jelatini iliyokwisha kuliwa huyeyuka kwenye maji. Mtu anachukua kitambaa chenye maji anafuta doa, na uso unaondoka na kitambaa. Acha tu. Ukungu mkavu tunaweza kuupunguza. Uso uliofutwa haurudi.

Kuna pia wanaozitoa kwenye fremu ili zilale vizuri kwenye bapa. Fremu za karatasi za Kodak mara nyingi zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka filamu iliposafishwa, na pengine mzee aliandika majina kwa kalamu. Mteja mmoja alituletea slaidi zake uchi kwenye bahasha moja, fremu alizitupa. Tulikaa tukizipanga kwa majengo ya Nairobi: hoteli ya Hilton ilifunguliwa 1969, jumba la mikutano la KICC likakamilika 1973, kwa hiyo picha yenye mnara wa Hilton bila KICC tulijua ni ya kati hapo. Za kijijini hatukuwa na la kushika.

Basi tuzungumze bei, maana ndiyo iliyoleta maneno. Tunatoza shilingi 80 kwa slaidi kwa kazi ya runinga. Mashine yetu ikifanya kazi na infraredi hutaka kama dakika 3 kwa slaidi, kabla ya kugusa rangi. Mtu aliyeleta slaidi 1,000 ametuletea saa 50 za mashine, na pembeni yake ameketi mtu anayepuliza, anayegeuza, anayeangalia upande ili watu wasitoke wakiandika kwa mkono wa kushoto. Ektachrome nyingi za zamani zimegeuka nyekundu, na kila moja hurekebishwa kivyake, kwani marekebisho ya moja huiharibu ya pili. Stima ikipotea katikati, betri hutuvusha. Anayekutoza shilingi 20 si mwizi, ila muulize ni hatua gani ameziacha. Wateja kadhaa wametujia baada ya kulipa huko, wakalipa tena hapa.

Jambo la mwisho la kiufundi, hasa kwa anayejifanyia. Runinga nyingi hazifungui TIFF, ile aina ya faili kubwa za picha. Ziweke kama JPEG za kawaida. Faili zipe majina ya 001, 002, 003, la sivyo runinga itaonyesha 1, kisha 10, kisha 2, na harusi itaanza na keki. Picha za wima zigeuze na kuzihifadhi upya zikiwa zimegeuka, kwa kuwa runinga nyingine hazisomi alama ya mzunguko na shangazi atalala ubavu. Sisi hukupa mafungu mawili kwenye flashi, moja la runinga na jingine kubwa la kuweka akiba.

Anayesita, atuletee slaidi 5 kwanza. Achague ngumu: uso chini ya kofia, harusi ndani ya kanisa, ile iliyogeuka nyekundu. Tutaziskani bila malipo, uende ukazitazame kwenye runinga ya kwako ndipo uamue. Zilete zikiwa ndani ya trei au boksi lake, kwa mpangilio aliouacha mwenyewe, na tafadhali usizifute.