Maneno yatangulie picha katika simulizi za kidijitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala kuhusu programu za kusimulia hadithi kidijitali na ufundishaji wa uandishi katika shule za msingi. Wanaoziunga mkono husema zinamfanya mtoto apende kuandika, na wanaozipinga husema zinampotezea muda. Naona pande zote mbili zimesahau kuuliza ni kipi kinachotangulia mtoto anapokabidhiwa kishikwambi: maneno au picha.

Nyingi ya programu hizi humpokea mtoto kwa ghala la mandhari na wahusika waliokwisha kuchorwa. Mtoto huchagua msitu, nyumba na simba, huvipanga katika kurasa, kisha hubakiwa na kisanduku kidogo cha maandishi chini ya picha. Humo ataandika nini? “Simba alikuja. Mtoto alikimbia.” Hana haja ya kueleza giza la msitu, ukubwa wa simba wala hofu ya huyo anayekimbia, kwa kuwa picha imekwisha kuyasema yote hayo kwa niaba yake. Kazi ngumu ya uandishi, yaani kumfanya msomaji aone kisichokuwapo mbele yake, ndiyo hasa aliyopunguziwa, na mwalimu asipokuwa mwangalifu atatoa alama za juu kwa uzuri wa kurasa ambazo mtoto hakuzichora.

Waasisi wa mbinu hii ya kusimulia hadithi kidijitali hawakuanza hivyo. Joe Lambert, Dana Atchley na wenzao walipoendesha warsha zao huko California katika miaka ya 1990, washiriki walikaa kwanza wakasimuliana visa vyao, wakaandika matini fupi na kuirekodi kwa sauti zao wenyewe, ndipo wakaiunganisha na picha. Wengi wao walikuwa watu wazima, lakini sioni kwa nini mtoto wa darasa la tatu au la nne asifuate mpangilio uo huo.

Chombo chenye thamani kuliko vyote katika programu hizi, kwa maoni yangu, ni kinasa sauti. Mtoto anayeisoma rasimu yake kisha akajisikiliza hugundua mwenyewe sentensi isiyo na kituo, kwa sababu pumzi humwishia kabla sentensi haijakoma. Husikia “halafu” ikirudiwa hadi ikakera. Hung’amua pia kwamba mhusika aliyeingia mwanzoni ametoweka bila maelezo. Linda Flower na John Hayes, watafiti wa uandishi, walieleza mwaka 1981 kwamba kupanga, kuandika na kupitia upya si hatua zinazofuatana mara moja zikaisha, bali ni mambo ambayo mwandishi huyarudia katika muda wote wa kazi yake. Mtoto mwenye karatasi hukwepa marudio hayo kwa kuwa kunakili upya ukurasa mzima kunauchosha mkono, ilhali kwenye skrini aya huhamishwa au hufutwa bila adhabu hiyo. Faida hiyo inazidi rangi na miondoko yote inayosifiwa katika matangazo.

Hata uchache wa vifaa hupungua uzito maneno yakitangulia, kwa kuwa kundi moja linaweza kurekodi huku wengine wakiendelea na rasimu kwa kalamu. Jambo dogo lenye kero ni kikagua tahajia kilichowekwa kwa Kiingereza, ambacho hupiga mstari mwekundu chini ya neno sahihi la Kiswahili, au hulibadilisha bila kumwuliza mwandishi. Kizimwe kabla ya kipindi kuanza.

Nawasihi walimu waisahihishe matini ikiwa peke yake, bila picha, kabla ya kuitazama kazi nzima. Wanaozichagulia shule programu nao wajaribu kwanza kama mwalimu anaweza kulifunga ghala la picha mpaka maandishi yakamilike, na kama sauti za watoto zinaweza kuhifadhiwa bila kuwekwa hadharani. Programu isiyoruhusu mambo hayo mawili, hata ikitolewa bure, isipewe nafasi katika vipindi vya uandishi.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi