Kwa mama wa foleni ya duka la rangi, Njombe

Mama, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Ilikuwa Juni, baridi ya Njombe imeshika kweli, nami nimesimama dukani kununua ndoo ya pili kwa sababu rangi ya kwanza ilikuwa inabanduka ukutani kama maganda ya kitunguu. Ukaniuliza, "Mwanangu, ukuta ulikauka?" Haukukauka. Ukanielekeza nikwangue yote iliyolegea, nipige msasa, niache madirisha wazi siku kadhaa, kisha rangi ya mkono wa kwanza niizimue kwa maji kidogo. Ndoo mpya ukairudisha mwenyewe kwenye rafu. Iliyobaki nyumbani ilitosha.

Halafu ukaona sweta la baba kwenye kikapu changu. Kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka safu kumi na mbili chini, nikawa nimeshaamua kulifumua lote. Ukatoa kulabu kwenye mkoba, ukakipandisha kitanzi kile ngazi kwa ngazi, bila haraka, huku zamu yako ikikupita. Hilo la zamu sitalisahau.

Sebule sasa ina rangi ya maziwa na haijabanduka popote. Baba halivui sweta lake hata usiku. Mapacha wa dada wamepata kofia, moja nyekundu na moja ya njano.

Asante sana, mama. Nawe nimekufumia shali, rangi ileile ya kilemba ulichovaa siku ile. Ipo kabatini, inakusubiri.