Kwenye ukungu baharia hushika bildi

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nihamie Dodoma, na miaka yote hiyo nimenyamaza. Ila makala yenu ya juzi kuhusu vyombo vya kale vya mabaharia imenishinda. Eti ukungu ukitanda, nahodha alitoa sekstanti akajua alipo! Sekstanti hupima pembe kati ya jua au nyota na upeo wa macho. Vyote vikishafunikwa, atapima nini?

Kilichookoa watu ni bildi: kipande cha madini ya risasi kwenye kamba yenye alama, hutupwa majini kupima kina. Mabaharia wa Uingereza walifunga ngozi kwenye pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) 2 na 3, kitambaa cheupe kwenye 5, chekundu kwenye 7, na vitambaa vyenyewe vilikuwa vya aina tofauti ili mkono uvitambue gizani. Kitako cha risasi kina kishimo cha kutia mafuta ya mnyama, na mafuta hayo huibuka na mchanga au tope la chini. Mimi bildi nimeitupa kwa mikono yangu. Nikiwa kijana tulitoka Kilwa Kivinje kwenda Dar es Salaam wakati wa masika, mvua ikafunga hata omo, mbele ya chombo, hatuioni. Nahodha akaniambia, "Tia bildi." Pima 9, mchanga. Tukaenda, pima 5. Kisha 4, na tope jeusi limeganda kwenye mafuta. Akalinusa. "Tope la Rufiji hili, tunaingia mdomoni mwa mto." Akageuza chombo, tukatafuta kina, tukafika wote wazima. Nahodha yule hakuwahi kushika sekstanti maisha yake! Hata Matendo ya Mitume 27 mnaisoma makanisani: usiku, dhoruba, mabaharia wa chombo alichopanda Paulo wakapima pima 20, kisha 15, wakatupa nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo.

Na hawa madereva wa mabasi yetu. Mvua ikifunga pale Gairo dereva haoni mita 20 mbele, mwendo uleule. Baharia asiyeona hutua tanga kwanza.

Naomba mwandishi wenu aje Bwawa la Hombolo Jumamosi saa 10 alfajiri, kabla hakujapambazuka. Nitaleta kamba ya katani ya pima 12 na risasi ya kilo 3. Apande mtumbwi, apime kwa kupapasa, kisha marekebisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa. Nauli yake nitalipa mimi.

Baharia mstaafu,
Kizota, Dodoma