Elfu thelathini kuambiwa mbwa anaota tu?

Mama mmoja alisimama mapokezi, risiti mkononi: "Yaani daktari, elfu thelathini kuja kuambiwa mbwa anaota tu?" Si wa kwanza kuniuliza hivyo, kwa hiyo leo najibu kwa wote.

Mbwa wake, Bosi, kila akilala hupiga miguu, midomo inamcheza, anabweka kisauti kama yuko ndani ya debe. Tukamlaza kliniki usiku mmoja. Nikampima joto, nikaangalia fizi, nikachukua damu kupima sukari na ugonjwa wa kupe, kisha nikavuta kiti. Saa saba usiku akaanza. Nikahesabu sekunde kumi na nane, nikamwita kwa mbali. Akafumbua macho, akapiga mkia sakafuni mara mbili, akalala tena. Hicho ndicho kilicholipiwa. Neno "anaota" halina bei. Kuhakikisha kwamba si kifafa ndiko kunakonikesha.

Mbwa mwenye kifafa hata umwite vipi haitiki. Anakakamaa, anatoka povu, pengine anajikojolea, na akizinduka anayumba kama mlevi, hata wewe hakujui. Ikipita dakika 5 mlete hapo hapo, usingoje kukuche. Halafu kuna mitikisiko inayoachwa na distempa, ugonjwa wa virusi unaoshika mbwa: msuli uleule unaruka kwa mpigo mmoja, mbwa amelala au anakula. Anayeota akiamka, yameisha.

Wapo wanaodhani ndoto za mbwa ni hadithi yangu ya kujazia bili. Miaka ya 1960 kule Lyon, Ufaransa, mtafiti wa usingizi Michel Jouvet aliharibu kijisehemu cha shina la ubongo wa paka, kile kinachozuia misuli usingizini. Paka wale wakawa wanainuka na kurukia mawindo yasiyokuwepo, huku wamelala. Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, wakaona ubongo wa panya aliyelala ukirudia njia aliyoipita akiwa macho. Mbwa naye ana usingizi wa aina hiyo, macho yakizunguka chini ya kope. Breki ya misuli ikiachia kidogo, miguu inakimbia. Vitoto ndio usiseme, wanarukaruka usingizini karibu muda wote. Bosi, kwa ninavyomjua, alikuwa anafukuza bodaboda.

Kinachoniuma ni njia ya mkato. Kaka mmoja aliona mbwa wake anapiga miguu usiku, akadhani ni maumivu, akampa diklofenaki ya binadamu siku tatu mfululizo. Alipomleta anatapika damu, kinyesi cheusi kama lami. Dripu siku nne, dawa za tumbo, vipimo vya figo. Bili ikavuka laki mbili. Alilalamika pia, na safari hiyo nilimwachia alalamike. Mwingine alimtikisa wake katikati ya ndoto "amwokoe," akang'atwa kiganja. Chanjo ya mbwa ilishapitwa na muda, ikabidi mwenyewe aanze ratiba ya sindano za kichaa cha mbwa. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe: huyu hakulala kweli, kiganja kilivimba kama andazi.

Ukimwona wako anahangaika usingizini, usimguse. Mwite jina ukiwa umesimama mbali. Chukua video, mwili mzima uonekane, na usiizime mpaka aamke, maana namna anavyoamka ndiyo inayonipa jibu. Tuma WhatsApp. Kuitazama sitozi, na nyingi ninazotumiwa huwa ni ndoto, mbwa anabaki nyumbani kwake. Nikiona kitu kisichonipendeza nitakwambia umlete alale hapa, na bei ni ileile elfu thelathini, vipimo vya damu ndani yake.

Bosi alirudi juzi kwa chanjo ya mwaka. Mama alilipa bila neno, ila chenji aliihesabu mara mbili.