Ghorofa za ufukweni Ggaba, Kampala: tukutane Jumamosi

Wazee wetu shikamooni, na majirani wote habari za jioni.

Leo nimepita kwenye ile ploti ya chini. Mabati yameshazungushwa, malori yanamwaga moramu hadi ndani ya mafunjo, na maji ya mtaro yameanza kurudi kwenye vyumba vya wapangaji. Wenye mradi wanataka ghorofa 12 mahali ambapo malori mawili hayapishani barabarani!

Hatupingi ujenzi, watu wanahitaji nyumba. Tunapinga ukubwa huu, mahali hapa. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kandokando ya Ziwa Victoria. Na Mei 2020, ziwa lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, mnajua wenyewe maji yalifika wapi.

Jumamosi saa 10 jioni, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa wetu). Barua ya kupeleka KCCA (mamlaka ya jiji) na NEMA (mamlaka ya mazingira) iko tayari, bado sahihi zenu. Njooni na vitambulisho vya taifa. Mwenye picha za mtaro kabla ya moramu azitume hapa, pamoja na tarehe.

Tafadhali, tusigombane na vibarua pale getini. Ni vijana wetu, wanatafuta riziki.