Barua kwa wajukuu zangu mnaoanza kupanga jiko

Wajukuu zangu,

Nasikia mnataka kuanza na sahani. Siwalaumu, sahani ndizo zinazoonekana mezani. Ila nawasihi mzisubirishe kidogo. Amueni kwanza mtapikia jiko gani, maana jiko ndilo litakalowachagulia sufuria.

Hili nilijifunza kwa hasara. Nilinunua seti nzima ya sufuria zinazometameta, kisha tukahamia nyumba yenye jiko la indaksheni. Nikabandika, nikawasha, jiko likawa linalia tu. Kumbe halitoi moto: linatumia nguvu ya sumaku kukipasha chuma cha sufuria yenyewe, na sufuria ya alumini tupu haliitambui kabisa. Tangu siku ile naingia dukani na kisumaku mfukoni, wala sioni haya. Nakigusisha kwenye kitako. Kikinata, ndipo naulizia bei. Msidanganywe na mng'ao wa chuma cha pua. Kile kilichoandikwa 18/10, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, kwa kawaida hakinati, isipokuwa kitako kiwe kimewekewa tabaka la chuma kingine.

Na kitako kiwe kizito. Chepesi huunguza katikati huku pembeni hakujaiva. Alumini hupata moto upesi, lakini vitu vichachu huila, kwa hiyo msivilaze humo.

Kikaango kisichogandisha kinatosha kimoja. Msikiache kitupu motoni mkaenda kupiga soga: lile tabaka huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260, na kikaango kitupu hufika huko kwa dakika chache tu. Geuzeni kwa mwiko wa mbao.

Vyombo vya umeme ndivyo vinavyomaliza pesa za vijana. Mimi sinunui mpaka nimekihitaji chombo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, tena nikakikosa kwelikweli. Kisha tazameni wati. Birika la umeme hula wati 2,000 hadi 3,000, na ekstensheni ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 hubeba wati 2,300 tu. Mkichomeka birika na oveni ndogo humo humo, mtanusa plastiki kabla hamjanusa chai. Sufuria ya presha ni nzuri, inaokoa saa na moto, ila ulizeni kwanza kama mpira wa mfuniko na vali vinauzwa peke yake.

Kisu kimoja cha sentimita 20, chenye makali, kinashinda seti ya visu kumi. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu mnakikandamiza. Ubao wa kukatia wa kioo mwachieni aliyeutengeneza.

Haya, sasa sahani. Chukueni za kauri nyeupe, zinazouzwa moja moja, ili ikivunjika moja mpate pacha wake. Zenye ukingo wa dhahabu hutoa cheche ndani ya maikrowevu. Melamini, ile plastiki ngumu, ni nzuri kwa watoto, lakini isiingie humo kabisa. Na pimeni! Sahani zangu za sentimita 28 zilikuwa zinakwama ukutani mwa maikrowevu, chakula kikapata moto upande mmoja.

Kisumaku changu kiko kwenye droo ya vijiko. Atakayetangulia dukani akiazime, na akirudishe.

Ni mimi, bibi yenu.