Barua ya malalamiko: kromi mnayoitangaza na kaboni msiyoitaja

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MAELEZO YASIYO SAHIHI KUHUSU CHUMA CHA VISU VYENU VYA JIKONI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kazi yangu ni kunoa visu, na miezi minne iliyopita nilinunua kwenu seti mbili: ile nyepesi, ambayo kasha lake limeandikwa "kaboni nyingi, kromi 13, ugumu 60" (kromi ni metali inayochanganywa kwenye chuma, na 13 ni asilimia yake), na ile nzito, iliyoandikwa "kromi 12, haishiki kutu". Seti ya kwanza haikai na makali, na ya pili imeshika kutu. Nilipowaandikia mara ya kwanza mlinijibu kwa sentensi tatu kwamba kromi ndiyo inayokipa kisu ugumu, kwamba seti zote mbili zina kromi ya kutosha, na kwamba kosa bila shaka ni la kinoo changu. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike tena, safari hii kwa kirefu, kwa sababu kisu chenye kasoro naweza kukivumilia, lakini siwezi kuvumilia kuambiwa kuhusu kazi yangu jambo ambalo si kweli.

Naanza na seti nyepesi. Kisu kikubwa nilikinoa kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande, nikamalizia kwa kinoo laini mpaka kikanyoa nywele za mkononi. Baada ya kukatia vitunguu kwa muda usiofika hata nusu saa, tena juu ya ubao, kilianza kuteleza juu ya ganda la nyanya badala ya kulipasua. Nilikitazama kwa lenzi inayokuza mara 10 na kuona kwamba makali hayakuwa yamelika. Yalikuwa yamelala upande mmoja kwa urefu wa kidole kizima. Makali yanayolala namna hiyo ni dalili ya chuma laini, na kinoo hakihusiki. Kisha nikapitisha tupa ya kawaida mgongoni mwa kisu, nayo ikauma mara moja na kuacha unga wa chuma juu ya meza, ilhali kwenye kisu chenye ugumu wa 60 kwa kipimo cha Rockwell C tupa hiyo ingeteleza au ingekwaruza kwa shida.

Kwa kuwa tupa si ushahidi wa kutosha mbele ya kampuni, nilikipeleka kisu hicho kwenye karakana yenye spektromita, yaani kifaa cha kupimia viambato vya chuma, na mashine ya kupimia ugumu. Kaboni ilikuwa asilimia 0.31, kromi asilimia 13.1, na ugumu 52. Kromi yenu, basi, ni ya kweli. Kilichokosekana ni kaboni, na kaboni ndiyo chanzo cha ugumu. Chuma cha aina hii hupashwa moto hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi ili kaboni iyeyuke ndani yake, kisha hupozwa haraka, na kaboni hiyo hubaki imenaswa katikati ya atomi za chuma na kuzizuia zisiteleze kirahisi. Kaboni ikiwa asilimia 0.31, hakuna namna ya kupasha wala kupoza itakayokifikisha kisu hicho kwenye 60. Kingehitaji karibu mara mbili ya kiasi hicho. Kromi husaidia chuma kigumuke hata kikipozwa bila haraka kubwa, lakini haiwezi kufanya kazi ya kaboni. Hata Harry Brearley wa Sheffield, alipotengeneza mwaka 1913 chuma chake kisichoshika kutu chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24, alidhihakiwa kuwa amevumbua kisu kisichokata.

Ni haki niongeze kwamba chuma laini si chuma kibaya. Kinanoleka upesi, hakipasuki kikianguka, na kuna watu wanaokihitaji hichohicho. Watengenezaji wengi hutumia chuma cha X50CrMoV15, ambacho jina lake lenyewe linakiri kuwa kina takriban asilimia 0.50 ya kaboni na 15 ya kromi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa zaidi ya hapo. Lawama yangu ni kuandika "kaboni nyingi" juu ya chuma chenye 0.31.

Seti nzito ina kisa kingine. Namba za kipeperushi chake ni sahihi, nami nimezithibitisha: kaboni asilimia 1.5, kromi 12, metali za molibdeni na vanadi karibu asilimia 1 kila moja, yaani kile ambacho mafundi wanakiita D2, na ugumu wake ni 61 kamili. Makali yake yanadumu kwa namna inayonifurahisha. Hata hivyo, nilikiacha kimoja kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu usiku mmoja, na asubuhi nikakuta vidoa vya kahawia karibu na mpini. Kidoa kimoja, nilipokifuta, kiliacha kishimo kidogo ambacho ukucha unakihisi.

Hapa ndipo hesabu yenu ya kromi inapokwama. Kinachokinga chuma dhidi ya kutu ni utando mwembamba wa oksidi ya kromi, na utando huo hujengwa na kromi iliyo huru ndani ya chuma. Kaboni ikiwa nyingi kiasi cha 1.5, huivuta kromi na kuungana nayo kuwa chembe ngumu za kabidi. Chembe hizo ndizo zinazofanya makali yasilike upesi, lakini kromi iliyofungwa humo haichangii chochote kwenye utando, kwa hiyo katika zile 12 hubaki huru karibu nusu tu. Linganisheni seti zenu wenyewe: moja ina kromi 13 na nyingine 12, tofauti ya moja tu, na ile nyepesi nimeiacha ndani ya beseni la maji mara kadhaa bila kuona hata doa.

Kuna na jambo dogo la pembe. Kipeperushi kinashauri seti nzito inolewe kwa nyuzi 12 kila upande. Kabidi za kromi katika D2 ya kawaida, isiyotengenezwa kwa njia ya poda (kwa kushindilia unga wa chuma), ni kubwa, na makali yakiwa membamba hivyo chembe hung'oka na kuacha mapengo, kama nilivyoyaona baada ya siku mbili. Nilipokinoa kwa nyuzi 17, mapengo hayo yaliisha.

Ninachoomba ni hiki. Seti nyepesi naomba mnirudishie fedha zake, nami nitairejesha ikiwa kamili pamoja na kasha. Seti nzito nabaki nayo, kwani nikiikausha kila baada ya kazi inanitosha, ila maneno "haishiki kutu" naomba yaondolewe na mnunuzi aelezwe waziwazi kwamba anapaswa kuifuta na kuikausha. Kwenye makasha yote muandike asilimia ya kaboni kando ya ile ya kromi, na ugumu uliopimwa kwenye kisu chenyewe baada ya kupashwa na kupozwa. Mwisho, naomba mkanushe kwa maandishi madai yenu kuhusu kinoo changu, kwa sababu jibu lile lilisomwa na mteja wangu aliyenituma ninunue seti hizo, na bado ananiuliza.

Nimeambatanisha risiti, nakala ya vipimo vya karakana, na picha tatu za makali zilizopigwa kupitia lenzi. Nitasubiri jibu lenu kwa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mnoaji wa visu